Klabu yenu inataka kuwatuza vijana wabunifu? Mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Huu mwongozo ni wa klabu za huduma kwa jamii, yaani Rotary, Lions, Rotaract na Leo (matawi yao ya vijana), na hata vile vikundi vya mtaani ambavyo havina nembo ya kimataifa ila vinachanga na kusaidia watu. Nimeuandika kwa sababu kila mwaka naona kitu kile kile: klabu inatangaza tuzo, ukumbi unapambwa, kijana anapewa cheti na hundi ya mfano kubwa kama mlango, picha zinapigwa, alafu miezi michache baadaye ukimuuliza mashine imefikia wapi anakwambia bado anatafuta hela ya mota. Klabu inalalamika vijana hawana mwendelezo, kijana naye anasema wale walitaka picha tu, na wote wameumia.

Hii kazi inawezekana kabisa, hata kwa klabu ndogo. Tuanze na vitu vya kuandaa.

## Andaeni hivi kabla ya kutangaza chochote

- Kamati ya watu watano. Mmoja awe fundi au injinia anayeshika vyuma kweli, mmoja mtu wa mahesabu, na angalau mmoja awe kijana, mchukueni Rotaract au Leo.
- Hela iliyopo kwenye akaunti. Ahadi ya mfadhili msiihesabu. Kama mna laki tano, tangazeni tuzo ya laki tano.
- Fomu ya ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi.
- Karatasi ya usiri ya kusainiwa na majaji na wanakamati wote.
- Fomu ya ridhaa ya mzazi au mlezi kwa walio chini ya miaka 18.
- Nauli na mafuta ya kuwafuata washiriki walipo. Hii ndo inayosahaulika kuliko zote.
- Walezi wa washindi, wanaklabu waliokubali mapema kumfuatilia kijana mwaka mzima.

Kuhusu mgawanyo wa bajeti, mimi nashauri kwa kila shilingi 100, 60 ziende kwa washindi, 25 kwenye kutembelea na kufuatilia, 15 kwenye sherehe. Mkiona sherehe inakula nusu, simamisheni kikao mpange upya hapo hapo.

## Hatua ya 1: Chagueni tatizo kwanza

Tangazo la "tunatafuta vijana wabunifu" linaleta kila kitu, kuanzia roboti ya maboksi hadi wimbo. Majaji wanabaki wanalinganisha vitu visivyolinganishika na mwisho anashinda anayejua kuongea.

Chagueni tatizo moja au mawili ya eneo lenu. Mko Kilombero, labda ni upotevu wa mpunga baada ya mavuno. Mko Tanga mjini, labda taka za plastiki. Klabu za Rotary zina maeneo yao saba ya kazi, kama maji na usafi, afya ya mama na mtoto, elimu na mazingira, hayo yanasaidia kupunguza wigo lakini bado ni mapana, shukeni mpaka kwenye kata yenu.

Angalieni kisa cha Richard Turere wa Kenya. Alikuwa mtoto anayechunga ng'ombe wa familia yao jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na simba walikuwa wanaingia zizini usiku. Alijaribu moto haukufaa, akajaribu sanamu ya kutishia ndege, simba wakaizoea. Siku moja akagundua simba hawasogei mtu akiwa anatembea na tochi, basi akachukua betri ya gari ya zamani, paneli ya sola, kiboksi cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akatengeneza taa zinazowaka kwa zamu kama mtu anazunguka. Ona hapo, tatizo lilikuwa la nyumbani kwao na analijua kwa usiku wake wote. Mtu wa namna hiyo ndo mnamtafuta.

Tahadhari: msichague tatizo kwa sababu mfadhili fulani analipenda.

Mtajua mmefanikiwa mkiweza kulitaja tatizo kwa sentensi moja na mama lishe wa jirani akaelewa bila maelezo.

## Hatua ya 2: Pangeni kalenda kuanzia mwisho

Mwaka wa Rotary na wa Lions unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na uongozi unabadilika hapo. Klabu nyingi zinafanya sherehe ya tuzo mwezi wa tano au wa sita, rais wa klabu anamaliza muda wake na picha nzuri, alafu anaingia mwingine na mipango yake na yule kijana anakosa wa kumfuatilia. Hili linaua tuzo kuliko hata ukosefu wa hela.

Kwa hiyo tangazeni Agosti, pokeeni fomu hadi mwisho wa Septemba, tembeleeni Oktoba hadi Januari, toeni tuzo Februari. Mnabaki na miezi minne ya kufuatilia chini ya uongozi ule ule.

Angalieni pia mitihani. Kidato cha nne wanafanya Novemba, msimsumbue mtoto wa watu wakati huo, wala msipange safari ya shuleni. Na kama ubunifu ni wa shamba, ukaoneni msimu wake, mashine ya kupukuchua mahindi inaangaliwa wakati mahindi yapo, hata kama itabidi mrudi tena baadaye.

Mtajua mmefanikiwa kama rais ajaye wa klabu yupo ndani ya kamati tangu siku ya kwanza na tarehe zote anazijua.

## Hatua ya 3: Tangazo lifike walipo

Ukiweka tangazo Instagram peke yake utapata vijana wa mjini wenye bando. Wabunifu wengi wapo gereji, kwenye vibanda vya kuchomelea, vyuo vya ufundi vya VETA, ofisi za mikoa za SIDO (shirika la viwanda vidogo), shule za kata, saluni, kwa mafundi cherehani, zahanati. Pelekeni karatasi huko, ongeeni na walimu wa sayansi, redio za jamii zinafanya kazi nzuri sana kwa hili.

Alafu wekeni njia ya pili: mtumiaji ampendekeze mbunifu. Mkulima anayetumia kifaa cha kijana aweze kupiga simu na kusema kuna dogo hapa kwetu katengeneza kitu. Vijana wengi wazuri hawajiiti wabunifu, wao wanajua walitengeneza kitu kikafanya kazi, basi.

Fomu iulize haya tu: jina na umri, unapoishi, tatizo gani unatatua, kifaa au huduma yako inafanya nini, nani anaitumia sasa hivi na namba zao, umeshatumia kiasi gani, na kipi kinakukwamisha. Pokeeni pia meseji ya sauti, kuna fundi hodari kuandika kwake ni mlima.

Tahadhari mbili. Msitoze hela ya fomu hata shilingi moja, na semeni hivyo kwa herufi kubwa kwenye tangazo, kwa sababu matapeli wanaweza kutumia jina la klabu yenu. Na angalieni idadi ya wasichana, kama fomu zote ni za wavulana basi tangazo lilipita sehemu moja tu, rudini mkaongee na mashule na vikundi vya akina mama kabla ya kufunga dirisha.

## Hatua ya 4: Lindeni wazo la kijana kabla ya kupiga picha

Hapa naomba msome taratibu maana klabu zinawaumiza vijana bila kujua.

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake (patent kwa Kiingereza), inatolewa kwa kitu kipya. Kitu kikishawekwa hadharani kabla ya maombi kupelekwa, upya wake unaweza kupotea na haki ya hataza ikaenda. Sasa klabu inampiga kijana video, inamwambia afungue mashine aeleze kila kipande, inarusha mtandaoni, watu elfu kadhaa wameona. Nia ilikuwa njema ila mlango huenda umeshafungwa.

Fanyeni hivi:

1. Fomu iulize kifaa kinafanya nini, isiulize kimeundwaje ndani.
2. Kila anayeona undani asaini karatasi ya usiri kwanza, kuanzia mwenyekiti wa kamati hadi mpiga picha na dereva aliyeingia karakana.
3. Andikeni wazi kwenye masharti kwamba wazo ni mali ya kijana, klabu haichukui umiliki, wala mfadhili.
4. Kabla ya sherehe, mpelekeni akapate ushauri wa usajili. Ofisi za usajili ni hizi: Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI. Kuna pia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu, lenye makao Harare, ambako ombi moja linaweza kugusa nchi kadhaa wanachama.

Si kila kitu kinahitaji hataza, ina gharama na inachukua muda. Mwingine inamtosha kusajili jina la biashara na alama yake, mwingine faida yake iko kwenye kutengeneza haraka na vizuri kuliko wenzake. Ila uamuzi uwe wa kijana na mzazi wake, akiwa ameshaelezwa, isije video ya klabu ikamwamulia.

Mtajua mmefanikiwa kama kila mshiriki anaweza kuwaambia kwa maneno yake nini cha kuonyesha na nini cha kuficha.

## Hatua ya 5: Nendeni mkaone kwa macho

Ningeambiwa nibakize hatua moja tu kwenye huu mwongozo ningebakiza hii. Kifaa kwenye meza ya ukumbi kinaweza kuwa kimepakwa rangi jana. Kifaa kinapotumika kinasema ukweli.

Tuseme mmeenda kuona mashine ya kupukuchua mahindi. Msiombe maelezo kwanza. Ombeni mwenye shamba, siyo mbunifu, aiwashe na afanye kazi yake kama siku zote, nyie simameni pembeni. Angalieni anajua pa kushika? Ana wasiwasi nayo? Akimaliza debe moja, chukueni magunzi mkononi myaangalie, yamebaki na punje? Mimineni mahindi kwenye ungo, mangapi yamepasuka? Punje iliyopasuka inaingia wadudu haraka, kwa hiyo mashine yenye kasi ila inayopasua mahindi inamharibia mkulima ghalani.

Alafu muinamie mashine yenyewe. Mkanda umechakaa au ni mpya wa dukani? Kuna nati iliyobadilishwa na haifanani na nyingine? Grisi ipo kwenye beringi? Mashine iliyotengenezwa tena mara kadhaa ni dalili nzuri, maana yake inatumika, inaharibika kama vitu vyote, na kuna mtu anajua kuitengeneza. Iliyo safi kabisa bila mkwaruzo, ulizeni vizuri.

Maswali ya kumuuliza mtumiaji, mbunifu akiwa mbali kidogo:

- Kabla ya hii ulikuwa unafanyaje, na ilikuchukua muda gani?
- Ulilipa bei gani? Kama ulipewa bure, ungenunua?
- Mara ya mwisho iliharibika lini, nani akatengeneza, spea ilitoka wapi?
- Nani mwingine anaitumia? Nipe namba yake.
- Kuna mtu imeshamuumiza?

Hilo la mwisho lisikosekane. Mashine yenye mkanda unaozunguka wazi bila kava inakata vidole, na klabu ikishaipa tuzo imewaambia watu kwamba ni salama. Kama kasoro ni ya usalama na inarekebishika, mwambieni kijana pale pale, mpeni muda, mrudi.

Kwa programu ya simu utaratibu ni ule ule. Ombeni mtumiaji aifungue kwenye simu yake, siyo simu ya mbunifu, na muone kama inafanya kazi kwenye intaneti ya hapo kijijini.

Tahadhari: nendeni wawili au watatu, msijazane kwenye gari tatu na fulana za klabu. Mtoto aliye chini ya miaka 18 msimtembelee bila mzazi au mwalimu kuwepo, hii haina mjadala. Na msiahidi chochote mkiwa huko, hata kwa utani, maana kijiji kizima kitaanza kusubiri.

Mtajua mmefanikiwa kama mmeongea na watumiaji watatu kwa kila mshiriki aliyebaki na mmoja wao amewaambia kitu kibaya kuhusu kifaa. Wote wakisifia tu, bado hamjauliza vya kutosha.

## Hatua ya 6: Alama ziandikwe, majaji wajulikane

Mgawanyo ninaoupenda, jumla 100:

- Kinatumika na watu wanakihitaji: 35
- Kinafanya kazi vizuri na kwa usalama: 25
- Kinaweza kutengenezwa na kurekebishwa hapa hapa kwa vifaa vilivyopo: 20
- Upya wa wazo: 10
- Mpango wa kijana kuendelea: 10

Mtaona upya nimeupa 10 tu. Majaji wengi wanaupa nusu ya alama na wanaishia kumtuza mwenye kitu cha ajabu ambacho hakuna anayekitumia. Kuboresha kitu cha zamani mpaka mwanakijiji akakimudu nao ni ubunifu, na mara nyingi ndo unaosaidia watu wengi zaidi.

Majaji wawe watano: fundi, mtu wa biashara, mtumiaji halisi wa eneo husika (mkulima, muuguzi, bodaboda), mwanaklabu mmoja na kijana mmoja. Kila mmoja aandike alama zake peke yake kabla ya kuongea, kwa sababu akianza mwenyekiti kusema "mimi nimempenda yule" wengine wanafuata. Mwenye ndugu, mwanafunzi au mteja kwenye orodha akae pembeni kwa jina hilo. Rotary wana lile jaribio lao la maswali manne, linaloanza na je ni kweli na je ni haki kwa wote wanaohusika, lisomeni kwa sauti kabla ya kujumlisha.

Tahadhari ya vifaa vya afya na chakula. Kijana akija na kipimo cha ugonjwa, dawa au kifaa kinachogusa mwili wa mtu, msimtangaze kama suluhisho kabla ya mamlaka husika kukipitisha. Kwa Tanzania vifaa tiba viko chini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), usalama wa vyakula uko TBS (shirika la viwango). Mnaweza kumpa msaada wa kufikia huko kwenye vipimo, hilo ni jambo kubwa sana kwake, ila nembo ya klabu isiwe kibali cha kutibu watu.

## Hatua ya 7: Zawadi imfae mwenyewe

Rudini kwenye swali la fomu, kipi kinakukwamisha. Zawadi ijibu hapo.

Kama anakosa mashine ya kuchomelea, mnunulieni mashine ya kuchomelea. Kama ni mwanafunzi, ada inaweza kumfaa kuliko milioni mkononi. Turere yule wa taa za simba alipata nafasi ya kusoma kwa ufadhili kwenye shule nzuri Nairobi, zawadi iliyolingana na umri wake. Ile tuzo ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ambayo mshindi wake wa kwanza mwaka 2015 alikuwa Mtanzania Askwar Hilonga wa Arusha kwa chujio lake la maji, inawapa wanaoingia kwenye orodha fupi miezi ya mafunzo na ulezi kabla hata mshindi hajatajwa. Nyie hamna bajeti ile ila wazo mnaweza kulichukua: washiriki wote watano waliofika fainali wapate mafunzo ya kupanga bei, kutunza risiti na kuongea na mteja. Ndani ya klabu kuna wahasibu, mawakili na wafanyabiashara, wakitoa Jumamosi mbili tu gharama ni chai na maandazi.

Hela taslimu itoeni kwa awamu. Ya kwanza siku ya tuzo, ya pili akionyesha ya kwanza imefanya nini, na vifaa vikubwa lipeni duka moja kwa moja. Mwelezeni utaratibu huu mapema ili asijisikie anachunguzwa. Kwa mtoto, hela ipite kwa mzazi mbele ya mwalimu na kwa maandishi.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fupi. Masaa mawili yanatosha.

Mtumiaji aongee kabla ya mgeni rasmi, dakika tano, aeleze maisha yamebadilikaje. Kifaa kiwashwe ukumbini kama inawezekana. Alikeni watu wenye maamuzi: afisa maendeleo ya jamii, meneja wa SIDO wa mkoa, wenye maduka ya vifaa, mtu wa benki. Picha za watoto zitumike tu pale mzazi alipokubali, na simulizi ya kijana isiwe ya kumuonea huruma, semeni alichotengeneza. Umaskini wa kwao mwacheni ausimulie mwenyewe akitaka.

Cheti kiandike kifaa kinafanya nini na tarehe, siyo "kwa kutambua mchango" basi. Karatasi hiyo atakwenda nayo kwa wafadhili wengine.

## Hatua ya 9: Mwaka mzima baada ya makofi

Kila mshindi ana mlezi wake. Mlezi anapiga simu kila mwezi, anamtembelea kila miezi mitatu, na anaandika mistari mitano kwenye faili la klabu: vimetengenezwa vingapi, vimeuzwa vingapi, nini kimeharibika, hela imeenda wapi, anahitaji nini. Juni faili linakabidhiwa kwa uongozi mpya mbele ya kijana mwenyewe.

Kazi nyingine ya mlezi ni kumsogeza mbele. Tanzania kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, ambayo yana nafasi kuanzia shule za msingi mpaka mafundi wa mfumo usio rasmi, na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) wanahusika na kuwaendeleza wabunifu. Mjazieni fomu pamoja, mumsindikize.

Wazo lingine litakufa, na hapo msimtenge. Kaeni naye, muandike sababu, maana fundi aliyejua kwa nini kitu hakikuuzika ana mtaji wa kitu kinachofuata.

Mtajua mmefanikiwa kama baada ya mwaka kuna watu wanalipa hela yao wenyewe kununua alichotengeneza, na yeye anajua bei yake imetoka wapi.

## Maswali ninayoulizwa sana

Klabu yetu ina watu kumi tu, tunaweza? Mnaweza, chagueni tatizo moja, kata moja, mshindi mmoja. Mlezi mmoja mzuri anatosha.

Mfadhili anataka jina lake kwenye kifaa cha kijana. Jina lake liwe kwenye bango la sherehe na kwenye shukrani. Kwenye kifaa, kijana aamue, na akikubali iandikwe ni kwa muda gani.

Ikitokea hakuna aliyestahili? Msimpe mtu ushindi ili ratiba itimie. Tangazeni kwamba mwaka huu hakuna wa kwanza, chukueni wawili waliokaribia muwape vifaa vya kurekebisha kasoro mlizoziona, na hela iliyobaki ikae kwenye akaunti ya tuzo, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao ili kamati ya mwaka unaofuata ianze nayo.